Titi la Asekenye

Mahindi yakivuka kutoka Uganda hadi Malaba humwagwa kwenye turubai, yakaanikwa, yakachekechwa, kisha yakatiwa kwenye magunia mapya. Gunia haliondoki mpaka mdomo wake ushonwe, na kwa miaka kumi na miwili mshonaji wa stoo ya mzee Omuse, nyuma ya maegesho ya malori, alikuwa Asekenye. Alitumia shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa nailoni. Mishono saba, fundo, anakata kwa meno, anasukuma gunia kwa goti, analivuta lingine. Wapakiaji walisema ukiinama kabla hajamaliza kushona, utakuta gunia limeshakukalia mgongoni. Wafanyabiashara wa upande wa pili walimwita nyabo, yaani bibi, wa mkono mmoja, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikwenda mbio hata usingeuona wa kushoto.

Ojakol alikuwa mmoja wa wapakiaji hao. Alimwoa Asekenye, na mwaka 2022 wakapata mtoto msichana, Ajiko.

Ajiko alikuwa na miezi sita Asekenye alipogusa kitu kigumu kwenye titi la kulia, ukubwa wa ndimu. Hakikuuma. Mama yake, Benedetta, alikikanda kwa kitambaa cha maji moto wiki nzima, akisema ni maziwa yameganda. Hakikuyeyuka. Muuguzi wa zahanati alikibonyeza, kisha akamwambia aende Busia. Kulikuwa na hospitali moja ya kibinafsi ambako mradi wa utafiti kutoka chuo kikuu cha ng'ambo ulikuwa unawapima wanawake bure, mradi tu wakubali vipande vya nyama zao vitumike kutafuta njia mpya ya kutambua saratani.

Siku ya kuchukuliwa kipande, mwezi Machi 2023, alikaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Aliyekaa karibu naye alikuwa mama wa miaka arobaini na saba hivi, mnene, amevaa sare ya kwaya ya Anglikana chini ya sweta, kana kwamba angepitia kanisani baadaye. Alisema anaitwa Zilpa, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, na nyanya soko la Khunyangu.

"Kumi na saba!" mtu akaita kutoka ndani.

Asekenye akatazama karatasi yake. Ilikuwa yeye.

"Leta huyo mtoto," Zilpa akasema. "Ingia, mimi nitamshika."

"Atalia, mama."

"Nimelea sita. Mdogo wao yuko kidato cha nne. Huyu ataniambia nini?"

Ajiko hakulia. Asekenye alipotoka akiwa amebanwa pamba kifuani, alimkuta amelala kwenye bega la Zilpa. Ndipo ikaitwa kumi na nane, Zilpa akamrudisha mtoto, akaingia yeye.

Wiki mbili baadaye waliitwa siku moja kuja kuchukua majibu. Zilpa aliingia kwanza. Alitoka mikono juu, akiimba, wagonjwa wengine wakacheka na kumpigia makofi. Uvimbe wake ulikuwa wa kawaida, wakamwambia aende nyumbani na akitaka arudi baada ya mwaka. Asekenye aliingia baada yake. Daktari Callistus, mpasuaji wa hospitali hiyo, alimwambia ni saratani, ya aina kali, na kwamba titi lazima litolewe kabla haijasambaa.

Alipotoka Zilpa alikuwa bado yupo, anaaga watu. Alimwona uso, akaelewa. Akamtia leso mkononi, akasema, "Mungu yupo, mama mtoto," halafu akaondoka upesi, kama mtu anayeogopa kuambukizwa.

Titi lilikatwa mwezi Aprili, pamoja na tezi za kwapani. Kabla ya hapo walimwambia Asekenye amwachishe mtoto ziwa, kwa sababu dawa za saratani zingepita kwenye maziwa. Hakupewa siku za kumzoesha. Benedetta alikuja Malaba, akamfunga Ajiko mgongoni, akampeleka Amukura. Mtoto alilia njia yote. Asekenye naye alibaki na titi moja lililovimba maziwa, na upande wa pili mpira wa kutoa damu ukining'inia kwenye chupa.

Dawa alizifuata Eldoret, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Alirudi kila safari akiwa ameshika mfuko wa kutapikia. Nywele zilibaki kwenye mto kama sufi. Kucha zikawa nyeusi. Mwezi Juni alianza kuona mkono wa kulia unajaa. Kufika Agosti ulikuwa umevimba kuanzia bega hadi vidoleni, mzito, ngozi imekaza, kidole gumba hakikunjiki. Alikwenda stoo siku mbili kujaribu. Shazia ilimponyoka, ikadondoka ndani ya mahindi, wakapoteza nusu saa kuitafuta. Mzee Omuse hakumfokea. Alimwambia apumzike hadi apone, na siku hiyohiyo akamweka binti mwingine pale alipokuwa anakaa.

Ojakol alivumilia hadi Septemba. Wenzake walimwuliza kila siku, "Mama Ajiko bado yupo?" na neno yupo walilitamka kwa namna ile inayotumika kwa wazee wa miaka tisini. Jioni moja alirudi na mwanamke kutoka Kocholya, akamwonyesha mahali pa kuweka begi.

"Huyu ni nani?" Asekenye akauliza kutoka kitandani.

"Atatusaidia."

"Kunisaidia mimi au kukusaidia wewe?"

Ojakol akavua viatu kimoja kimoja. "Mimi ni mwanaume, Asekenye. Siwezi kukaa tu nangoja kaburi."

Kesho yake akafunga nguo zake kwa mkono wa kushoto, akaenda kwa mama yake Amukura. Ajiko alikuwa ameanza kutambaa na kusimama. Alimtazama mgeni mwenye kipara, akarudi nyuma, akashika sketi ya Benedetta, akamwita toto, yaani mama kwa Kiteso. Benedetta alimsahihisha mara nyingi. Mtoto hakujali.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi Machi 2024, simu ilipopigwa na mwanamke aliyejitambulisha kama Roselyn, msimamizi wa ile hospitali ya Busia.

"Dada, unaweza kuja kesho? Kuna habari njema."

Walikuwa watatu ofisini: Roselyn nyuma ya meza, Daktari Callistus kando ya dirisha, na kijana wa maabara aitwaye Quinton, ameketi na kompyuta magotini, hajainua kichwa. Kulikuwa na soda juu ya meza, imeshafunguliwa.

"Kunywa, dada," Roselyn akasema. "Daktari atakwambia."

Daktari Callistus alisafisha koo. Alisema sayansi imepiga hatua. Alisema nyama zilizochukuliwa kwa wagonjwa zilipelekwa ng'ambo, kwenye mashine ya kisasa sana, na kwamba katika kupitia matokeo imeonekana kuwa yeye, Asekenye, hakuwa na saratani.

"Imeisha?"

"Hapana. Hakuwa nayo. Yaani hukuwa nayo tangu mwanzo."

Asekenye aliwatazama mmoja mmoja. Soda ilikuwa inatoa mapovu. Alisikia mlio wa lori linarudi nyuma barabarani.

"Mshukuru Mungu," Roselyn akasema. "Wangapi wanaitwa hapa kuambiwa hivyo? Na wahenga walisema, heri nusu shari kuliko shari kamili. Uko hai, dada. Utamlea mtoto." Akasogeza karatasi ya Kiingereza. "Weka sahihi hapa tu, kwamba umekuja na umeelezwa."

Asekenye aliweka sahihi. Alitumia mkono wa kushoto, ikatoka kama ya mtoto wa chekechea. Alikuwa hajaelewa chochote bado, na aliweka sahihi kama mtu anavyosema ndiyo akiwa usingizini. Roselyn akaichukua karatasi haraka, akaitia kwenye droo.

"Sasa nionyesheni," Asekenye akasema.

"Nini?"

"Hiyo mashine ilisema nini. Ilionaje?"

Daktari akamtazama Quinton. Quinton akageuza kompyuta. Kwenye kioo chake kulikuwa na picha, umbo lisilo na umbo, kama ramani ya kisiwa, imejaa rangi.

"Walikata kipande kidogo cha titi lako, kile tulichogandisha siku ya upasuaji," akasema, sauti chini. "Wanakikata chembamba kuliko karatasi ya sigara, wanakibandika kwenye kioo. Halafu mwale unakipiga nukta kwa nukta, kama kuku anavyodonoa. Kila nukta inarusha chembe ndogo, na mashine inazipima uzito. Mafuta yana uzito wake. Misuli ina uzito wake. Saratani pia ina mafuta yake na protini zake, uzito wake hauwezi kufichika. Kompyuta inapaka rangi. Nukta zinazofanana uzito zinapewa rangi moja. Ndiyo unapata hii."

"Saratani ni rangi gani?"

"Nyekundu."

Asekenye akainama karibu na kioo. Kulikuwa na manjano pembeni, na kijani kidogo kama kamba. Katikati, mahali ambapo ndimu ilikuwa, palikuwa pamejaa buluu, vishada vya buluu vilivyoshikana kama zabibu. Nyekundu haikuwepo popote.

"Hii ya buluu?"

Daktari ndiye aliyejibu. "Hizo ni tezi za maziwa, na maziwa ndani yake. Ule uvimbe ulikuwa tezi zilizokua kupita kiasi kwa sababu ulikuwa unanyonyesha. Hutokea. Mara nyingi hupungua wenyewe mtoto akiacha ziwa."

"Yalikuwa maziwa," Asekenye akasema.

"Ndiyo."

"Ya Ajiko."

Hakuna aliyejua Ajiko ni nani.

Ikabidi aulize mwenyewe ilikuwaje, maana kwao mazungumzo yalikuwa yameisha. Quinton akaanza kueleza, Roselyn akamkatiza, yeye akaendelea. Wale wa ng'ambo walidhani wamekosea, wakapima tena. Bado hakuna nyekundu. Ndipo wakaomba kile kipande cha kwanza cha kumi na saba, cha Machi, kilichohifadhiwa ndani ya nta, ambacho ndicho kilisomwa kuwa saratani. Wakakipitisha kwenye mashine. Kilikuwa chekundu tele. Lakini hakikuwa na maziwa hata nukta moja, na fomu yake ilisema mwenyewe ananyonyesha mtoto wa miezi saba. Wakaomba vipande vyote vya siku ile. Vikiwa ndani ya nta mafuta huwa yameoshwa na dawa, ila protini hubaki, na protini ya maziwa mashine inaijua. Waliikuta kwenye kipande cha mtu wa miaka arobaini na saba.

"Namba zilikuwa kwenye vifuniko," Quinton akasema. "Hazikuwa kwenye vikombe. Siku ile nilikuwa peke yangu, mwenzangu alikuwa matangani. Nilifungua viwili pamoja niongeze dawa. Nadhani nilivifunika..." Akapishanisha mikono yake miwili juu ya kompyuta, polepole.

"Na yule aliyesoma kwenye darubini? Hakuona maziwa?"

"Yuko Nairobi. Alitumiwa vioo na namba tu. Fomu za umri zilibaki hapa."

"Mlijua lini?"

"Barua ilifika Novemba."

"Quinton!" Roselyn akasema.

Novemba hadi Machi. Asekenye alihesabu kwa vidole vya mkono uliovimba, kwa sababu ndio uliokuwa juu ya meza.

"Na yule mwingine? Mmemwambia?"

"Hayo ni ya mgonjwa mwingine," daktari akasema. "Siri ya mgonjwa. Huwezi kutuuliza."

"Nauliza kama mmemwambia."

"Tunamtafuta," Roselyn akasema. "Simu yake haishiki."

Asekenye akasimama. Alikuwa anamjua. Alikuwa amemwona akiimba kwenye veranda ile, mikono juu.

Hakwenda Khunyangu siku hiyo. Alipitia Malaba kwanza, stoo, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye Asekenye alitaka kumwona uso atakaposikia. Ojakol alikuwa amekaa juu ya magunia anakula chapati. Alimsikiliza hadi mwisho bila kutafuna.

"Kwa hivyo hufi," akasema.

"Sifi."

"Walikukata bure."

"Bure."

Aliitazama chapati, akaigeuza. "Sasa nitafanya nini na wawili?" Alisema hivyo bila kelele wala hasira, kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuuagiza. Nyuma yake mpakiaji mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Binti aliyekuwa amekaa mahali pa Asekenye aliendelea kushona.

Soko la Khunyangu halikumficha. Aliuliza Zilpa wa omena, wa kwaya, na mwanamke wa kwanza akamwonyesha njia, akaongeza, "Kama umekuja kumwombea, ingia. Kama umekuja kununua, hajauza tangu Krismasi."

Aliyefungua mlango alikuwa Edinah, binti mkubwa wa Zilpa, mwalimu wa nasari. Asekenye alisema tu kwamba walikutana na mama hospitalini Busia. Ndani, Zilpa alikuwa amelazwa kwenye godoro sebuleni, mito imewekwa pande zote za kiuno. Ule unene wote ulikuwa umekwenda. Alimtambua mara moja.

"Mama mtoto! Edinah, huyu ndiye nilikuwa nakwambia. Huyu ndiye nilikuwa namwombea." Akanyoosha mkono, akaumia, akaushusha. "Mgongo, mwanangu. Ni mgongo tu. Walisema ni baridi yabisi. Mchungaji anasema ni watu wa soko, wanaona wivu tangu nilipofanya ile sherehe ya shukrani."

"Sherehe?"

"Nilichinja mbuzi. Kanisa lote lilikula. Si nilipona?" Macho yake yakashuka hadi kifuani mwa Asekenye, upande wa kulia, bapa chini ya blauzi. "Pole. Pole sana. Nitakwambia ukweli, siku ile ulipotoka unalia, nilisema moyoni, asante Bwana si mimi. Nimetubu hiyo dhambi mara nyingi."

Asekenye alikuwa na maneno yake tayari tangu Busia. Alikuwa ameyapanga kwa utaratibu mzuri: mama huyu ana haki ya kujua, labda bado kuna dawa, labda Eldoret. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na jambo lingine, na baadaye alilikiri mwenyewe kwa Benedetta: alitaka mtu mmoja duniani aone alichokatiwa. Alitaka aonwe na yule ambaye yeye alikatwa badala yake.

Akamwambia. Alimweleza vikombe, vifuniko, mashine inayopima uzito wa nyama, nyekundu, buluu, barua ya Novemba. Mkono wa Zilpa ulipanda taratibu hadi kwenye titi lake la kushoto, ukakaa hapo, na kwa namna ulivyokwenda moja kwa moja mahali penyewe, Asekenye alijua kwamba alikuwa akipajua kitambo.

"Lile walilokukata," Zilpa akauliza, "lilikuwa zima?"

"Lilikuwa na maziwa."

Zilpa akafumba macho. "Mtoto yule niliyembeba," akasema.

Edinah alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji. Aliiweka chini bila kumwaga hata tone. Akamshika Asekenye mkono, ule uliovimba, akaubana hadi vidole vyake vikazama, akamvuta nje.

"Mama yangu alipimwa akapona! Tuna karatasi! Wewe umeona unakufa, umekuja kutafuta wa kumwachia ugonjwa wako!"

"Mpeleke Eldoret. Kesho. Mwambie daktari..."

"Toka!"

Majirani walitoka kuangalia. Mtu alirusha kokwa la embe likampata mgongoni. Asekenye alitembea hadi barabarani, mkono una alama nne za vidole ambazo hazikutoka kwa siku tatu, kwa sababu mkono wa namna ile hubaki na shimo mahali ulipobanwa.

Edinah hakumpeleka mama yake Eldoret. Alikwenda Busia na ile karatasi ya mwaka uliopita, akaingia kwa Roselyn, akauliza kama ni kweli. Roselyn alimwambia kwamba suala hilo linachunguzwa, na kwamba kuna mwanamke mmoja mwenye msongo wa mawazo anazungukia wagonjwa akiwatisha. Edinah akarudi nyumbani ameridhika. Zilpa alilala kwenye godoro lile wiki tano zaidi. Mwezi Mei akafa. Katika siku za mwisho alikuwa anauliza kama mama mtoto amerudi, nao wakamwambia wameomba, hatarudi tena.

Kwenye maziko mchungaji alihubiri juu ya ulimi. Alisema kuna mwanamke alikuja kutoka Malaba na maneno ya mauti, na tangu siku ile marehemu hakuinuka. Habari hiyo ilifika Amukura kabla ya jua kutua. Wiki iliyofuata jirani aliyezoea kuchota maji kisimani kwa Benedetta alianza kuchota kwingine.

Asekenye alitafuta wakili mjini Busia. Wakili alipiga simu hospitalini mbele yake, akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akakata. Akamwambia kuna karatasi ameweka sahihi inayosema ameelezwa, ameridhika, na hatadai chochote, sasa wala baadaye.

"Ilikuwa ya Kiingereza," Asekenye akasema.

"Sheria pia ni ya Kiingereza," wakili akajibu, akamwita anayefuata.

Mwezi Agosti Quinton alikuja Amukura kwa pikipiki. Alikuwa amekonda. Asekenye alikuwa amekaa kwenye kivuli cha jiko anapembua maharagwe kwa mkono wa kushoto, na Ajiko, aliyekaribia miaka miwili, anayatawanya upya.

"Yoga, dada," akasema, salamu ya Kiteso aliyojifunza njiani.

"Kaa."

Alikaa kwenye jiwe. Alimweleza kuwa amefukuzwa kazi, yeye peke yake. Daktari Callistus bado anapasua, Roselyn amepandishwa cheo. Wale wa ng'ambo waliandika kuhusu lile kosa, wakaonyesha picha katika mkutano mkubwa wa wanasayansi kama mfano wa jinsi mashine inavyotambua aina za nyama hata binadamu wakichanganya. Watu walipiga makofi.

"Picha gani?"

"Ile ya buluu."

"Waliniita nani?"

"Namba kumi na saba."

Asekenye akaokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa. "Na lililobaki? Titi lenyewe. Liko wapi?"

"Hospitali huchoma. Kile kipande cha ng'ambo, kile mwale ulipiga, kiliungua hapohapo, ndivyo mashine ilivyo. Kipo kingine kidogo kwenye friji yao."

"Nataka warudishe nizike."

"Hawawezi, dada. Sheria za kuvusha nyama za binadamu..."

"Zilivuka kwenda."

Quinton akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Alisema bodi inayosimamia watu wa maabara itamsikiliza mwisho wa mwezi. Wakimpokonya leseni hatafanya kazi popote Kenya. Lakini akiwa na barua ya mgonjwa mwenyewe, kwamba amemsamehe, huenda wakamwonea huruma. Alikuwa ameshaiandika, kwa Kiswahili safi, ilibaki sahihi tu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Wewe ndiye wa pekee uliyesema ni wewe," Asekenye akamwambia. "Hata Mungu anajua hilo. Nitaiweka sahihi."

Quinton akatoa kalamu.

"Lakini sisi tulikuwa wawili," akaendelea. "Nenda kwanza Khunyangu. Muulize Edinah, binti wa Zilpa. Mwambie ulivyoniambia mimi, vifuniko na kila kitu, umwambie mama yake hakuuawa na mdomo wangu. Ukitoka huko urudi, utaikuta sahihi."

Kijana akaitazama kalamu. Alisema atakwenda. Alisema angekwenda siku ileile, kungali mapema. Benedetta alimpa maji akanywa, akashukuru, akawasha pikipiki. Pale njia inapogawanyika, ya Busia na Khunyangu upande mmoja na ya Malaba upande mwingine, Benedetta alimwona akisimama kwa muda, mguu chini. Halafu akashika ya Malaba, kwenye mpaka.

Sasa ni mwaka mwingine. Wanasema Quinton anafanya kazi kliniki moja upande wa Uganda, ambako hawajamwuliza leseni. Edinah bado anafundisha, na akikutana na mtu wa Amukura sokoni humwuliza kama yule mchawi angali hai. Asekenye angali hai. Analima bustani ya mboga kwa mkono mmoja, na wa kulia anauning'iniza kwenye kanga. Kila baada ya miezi mitatu hupigiwa simu na mtu wa mradi, sauti mpya kila mara, akimwuliza kwa adabu kama hali yake inaendelea vizuri, ili waijaze kwenye fomu. Huwajibu kwamba yeye ni mzima kabisa, kama walivyomwambia.